Sakafu Yangu Haina Kosa

Jumamosi, 5 Julai

Abraham kapiga simu asubuhi. Huyu ni mdogo wetu wa mwisho, yule tuliyemsomesha kwa alizeti na sasa anatusomesha sisi. Anakwenda masomoni nje, miaka miwili. Gari lake analiacha huku Ulemo. Swali ni aliache kwa nani: kwangu mimi Manase, mzaliwa wa kwanza, au kwa Chediel anayenifuata.

Nikamwambia swali hilo halina haja ya kuulizwa. Akasema lina haja. Gari lake halilali nje, halilali kwenye vumbi, na halilali kwenye mteremko, maana breki ya mkono imechoka. Anataka banda lenye bati na sakafu ya zege iliyonyooka. Atakuja kukagua tarehe mbili Agosti.

Halafu akatoa la pili. Mama naye atakaa penye gari, ili apelekwe kliniki Kiomboi kila mwezi bila kupanda bodaboda na yale magoti yake.

Hapo nilikaa chini. Mama anaishi kwangu tangu baba alipofariki. Kigoda chake kiko barazani kwangu. Ananisema kutwa nzima, sawa, lakini ananisema akiwa barazani kwangu. Mzaliwa wa kwanza anyang'anywe mama kwa sababu ya breki ya mkono? Nitatembeaje hapa kijijini?

Kwa Chediel ni tambarare, hata ukimwaga maji hayajui pa kwenda. Kwangu ni mawe na mlima. Nimemwambia mke wangu Ritha kwamba nitajenga. Kauliza wapi. Nimemwambia aache maswali ya kukatisha tamaa.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya ibada nimechagua kiwanja. Ubavuni mwa nyumba, kati ya jiko na lile jabali. Pazuri sana. Ritha kasema hapo ni mteremko. Nikasema ni tambarare, ila nyumba ndiyo imeinama. Tukabishana. Kumaliza ubishi nikachukua boga jikoni, nikaliweka chini katikati.

Boga lilitulia kidogo. Halafu likaondoka. Likapita uzio wa minyaa, likateremka mpaka uani kwa Chediel, ambaye nyumba yake iko chini ya yangu. Akalipandisha mwenyewe, amelifuta vumbi, shikamoo kaka, akauliza kama kuna kitu kimetuponyoka. Ndivyo alivyo huyu. Ubaya wake ni wema.

Mama akiwa barazani aliomba turudie na kitu kikubwa zaidi.

Boga limepikwa. Lilikuwa tamu lakini nimelila kwa hasira.

Jumatano, 9 Julai

Kaja fundi Emilian. Mtu wa maneno machache, na hayo machache si ya kukufurahisha. Kaleta mpira mrefu unaoonyesha ndani, wa kupimia usawa, kaujaza maji, kanipa ncha moja niishike kwenye jabali nisitikisike. Nikatikisika. Tukaanza upya. Nikatikisika tena, kulikuwa na nzi.

Mwisho kapiga alama zake. Pembe ya juu, sakafu itagusa ardhi. Pembe ya chini, sakafu itakuwa usawa wa kifua changu. Nikamwambia huo mpira una hewa ndani. Akajibu kwamba maji hayana undugu na mtu.

Mpango wake: kuta nne za mawe ziinuke kama sanduku, ndani tujaze moramu, ule udongo wa changarawe, tushindilie tabaka kwa tabaka, halafu juu tumwage jamvi la zege. Gari litaingilia upande wa juu. Nikamwambia ndivyo nilivyokuwa nimefikiria mimi mwenyewe.

Jumatano, 16 Julai

Sanduku limekwisha! Mawe hapa kwetu huyatafuti, yanakutafuta. Nimeingia ndani, nikasimama pembe ya chini, kilichoonekana nje ni kichwa tu na mabega. Mama kauliza kama nimejichimbia kaburi la kwenda juu. Kasema pia, kwa mara ya tatu sasa, kwamba yeye anachohitaji ni banda la kuku, vicheche wanammalizia vifaranga. Nikamwambia mambo makubwa kwanza.

Emilian kapiga hesabu yake kimoyomoyo, kasema trela kumi na mbili za moramu. Tukatazamana. Kijiji hiki kina trela moja, nalo linavutwa na trekta la Chediel.

Na Chediel husikia kila kitu. Jioni huyo kapanda. Kaka, trela lipo, siku mbili kazi imekwisha, wala nisiwaze mafuta. Nikamshukuru, nikamwambia nimeshakubaliana na watu wa Sekenke. Alipoondoka Ritha akauliza ni watu gani wa Sekenke. Hakuna watu wa Sekenke. Lakini nitamshindaje mtu kwa kutumia trela lake? Abraham akifika, kila jiwe lililomo humo litatajwa kwa jina la Chediel. Hapana, asante.

Alhamisi, 17 Julai

Emilian kaenda msibani Kinyangiri, atarudi Jumatatu jioni. Kaacha agizo kwamba nisijaze chochote yeye hayupo. Mafundi wana kiburi.

Nimeazima mkokoteni na ng'ombe wa jirani yangu Michael, tukaenda kwenye shimo la moramu. Safari ya kwanza ng'ombe walivuta kwa kununa. Safari ya pili yule mwekundu akalala barabarani, mzigo nyuma yake, mbele ya mlango wa Chediel. Kati ya milango yote. Michael kasema ng'ombe wake hawatakufa kwa ajili ya sakafu ya mtu. Moramu yote ya leo imefunika pembe moja tu.

Narudi kwa miguu, kichwa chini, napita kwenye mashine ya mafuta ya Evodia. Nyuma ya mashine kuna mlima wa maganda ya alizeti, mrefu kuliko nyumba yangu. Msimu huu wanakamua kutwa, na upepo unayapeleka maganda kwa majirani, kila siku ni ugomvi. Nikamwuliza anayafanyia nini. Anayachoma, upepo ukiruhusu. Nikamwuliza kama naweza kuchukua kidogo. Nusura anikumbatie.

Nimefikiri sana njiani. Kitu kikijazwa kikajaa, si kimejaa? Sakafu haijui kilicho chini yake.

Ijumaa, 18 Julai

Maganda ni mepesi! Ng'ombe wamekimbia. Mwekundu leo alikuwa na furaha kuliko mimi. Kufika saa nane mchana sanduku limejaa mpaka ukingoni, na juu nimetandaza ile moramu ya jana, unene wa kiganja. Ukitazama, moramu tupu. Hakuna atakayejua.

Ritha anajua. Ameninyamazia tangu asubuhi, kile kimya chake cha kuongea na sufuria. Mama naye anajua, hakubanduka barazani. Kaniuliza kama gari la Abraham litakuwa linataga.

Jumapili, 20 Julai

Tatizo lilikuwa kushindilia. Nimelitatua kanisani, wakati wa matangazo. Mwalimu Cecilia wa kwaya ya vijana alikuwa analalamika kwamba hawana mahali pa mazoezi pasipo na vumbi. Nikasimama mbele ya usharika wote nikawapa kiwanja changu. Watu wakapiga makofi. Mchungaji kanitolea mfano.

Wamekuja vijana thelathini. Nikamwomba mwalimu waimbe zile za kurukaruka tu, za majonzi waache. Wimbo wa kwanza sakafu imeshuka kifundo cha mguu. Wa pili, nusu ya goti. Upande wa besi umeshuka zaidi, wale vijana wanakula vizuri makwao. Mwalimu Cecilia kasema hajawahi kuona kwaya yake ikiruka juu namna hii, kama vile ardhi inawasukuma.

Walipoondoka nikaikwangua moramu pembeni, nikaongeza maganda, nikairudisha juu. Mama alipiga makofi tangu mwanzo hadi mwisho na anataka kujua watarudi lini.

Jumanne, 22 Julai

Emilian karudi. Kasimama ukingoni, katazama muda mrefu. Kauliza nani kaleta moramu yote hii. Nikasema Mungu ni mwema. Kapiga kisigino. Kisigino kikarudi juu. Kasema panadunda. Nikamweleza kwamba ardhi ya hapa hupumua, hasa mwezi wa saba. Kauliza kama pameshindiliwa. Nikasema na watu thelathini, mchana kutwa, tena wacha Mungu. Nimerudia maneno yangu yote ya leo kichwani na sioni uongo hata mmoja.

Basi tumemwaga jamvi. Zege likasambazwa, likapigwa ubao, likalainishwa. Emilian kauleta ule mpira wake, safari hii mimi sikutikisika. Maji yamelingana pembe zote nne.

Nikaondoka kwenda nyuma ya jiko kufuta macho. Miaka hamsini na mbili, na hiki ndicho kitu cha kwanza nilichokifanya kikanyooka.

Fundi kasema nimwagilie maji asubuhi na jioni, siku saba. Nitamwagilia na mchana.

Ijumaa, 25 Julai

Ajabu. Sakafu ina joto.

Baridi ya Julai huku Iramba inajulikana, upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Leo alfajiri nimepanda pekupeku kumwagilia, nikadhani nimekanyaga jiko. Sakafu nzima, joto la kupendeza. Kuna na harufu kidogo, kati ya pombe na mashudu, lakini si mbaya.

Mama kahamisha kigoda chake. Kakaa pale kutwa, miguu wazi, anasema magoti yamelegea kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Wanawake watatu wamekuja kumsalimia na hawakuondoka mpaka jua kuzama. Kuku wake wote wamelala pale pia. Nimewaambia wageni kwamba huu ni ujenzi wa kisasa, huko mijini unakuja baadaye.

Chediel naye kapanda. Kainama, kaweka kiganja juu ya zege, kakaa hivyo. Kauliza kwa upole kama kuna kitu kinaungua chini. Nikamjibu kwamba kinachoungua ni roho za watu.

Jumanne, 29 Julai

Bati limepanda. Banda limesimama, linang'aa, linaonekana mpaka barabara kuu.

Emilian akikusanya vyombo vyake kaona ufa, unaanzia pembe ya chini kuelekea katikati. Nikasema huo ni mstari wa kupitisha maji. Akaniapisha nimwambie kuna nini mle ndani. Nikamwuliza kama huwa anauliza kilichoko chini ya sakafu ya kanisa. Kaondoka bila kuaga. Nimetandika mkeka juu ya ufa.

Ritha kafungua mdomo leo. Siku kumi na moja! Kasema nimpigie Abraham nimwambie ukweli kabla hajafika. Nimeshika simu mara mbili nikaiweka chini. Siwezi. Nikisema, Mama anahama. Hilo gari hata kuliendesha sijui, wala silitaki kwa lolote. Naogopa tu kutoka asubuhi nikute baraza halina mtu wa kuniuliza nimeamka na ujinga gani leo.

Nimetandika mkeka wa pili.

Jumamosi, 2 Agosti

 Basi niandike tu.

Abraham kafika saa nne. Kalitazama banda, kashangaa. Kasema Kaka, sikutegemea. Hayo maneno nimeyasikia kwa masikio yangu na hakuna atakayeyafuta. Emilian alikuwepo, kasimama mbali. Chediel alikuwepo, mkewe Dina, Michael, mwalimu Cecilia na nusu ya kwaya. Mama kaketishwa kiti cha mbele ndani ya gari, ili aingie kwenye banda kwa heshima. Hilo lilikuwa wazo langu.

Gari likaingia polepole. Tairi za mbele, sawa. Tairi za nyuma, sawa. Likasimama katikati, juu ya mikeka. Nikainua mikono nianze hotuba.

Ukasikika mlio wa kubanja karanga. Halafu mwingine mkubwa. Sakafu ikafunguka, gari likazama taratibu, pua kwanza, mpaka vioo vya pembeni. Ukatoka mvuke. Ikatoka na harufu, sasa mtu hawezi kuiita kidogo. Maji yangu yote ya wiki nzima yalikuwa yameyalowesha maganda yakachacha, yakanywea, na zege lilikuwa limelala juu ya hewa. Kuku walikuwa wa kwanza kuelewa. Wakavamia shimo wote, na wa jirani wakafuata.

Nikapiga kelele nikimwita Mama. Nikaruka humo, nikazama mpaka kiunoni, nikaparamia mlango. Mama alikuwa amekaa palepale, mkoba mapajani, machozi yanamtoka. Nikamwuliza ameumia wapi.  Alikuwa anacheka. Abraham pale kwenye usukani hakuwa anacheka.

Emilian akaja ukingoni, akachota maganda kiganjani, akanusa. Akasema moramu hii ina mafuta.

Chediel akaenda kuleta trekta. 

Jumapili, 3 Agosti

Gari liko kwa Chediel, chini ya bati lake, kwenye tambarare yake. Halina hata mkwaruzo, limejaa maganda tu. Abraham kalitikisa likakataa kuteleza, karidhika. Leo jioni anaondoka.

Na Mama kahamishwa. Dina alikuja kubeba sanduku lake, akanisalimia kwa adabu, sikupata hata pa kuanzia ugomvi. Mama alishuka kwa fimbo, polepole, hakugeuka nyuma. Kigoda kimebaki. Chediel kasema kwake kuna viti vya kutosha, vyenye mito.

Ritha kanipa chai na hakunisema. Afadhali angenisema.

Jumanne, 5 Agosti

Hakuna cha kuandika. Nimekaa barazani nikawa najisema mwenyewe. Si sawa na akisema yeye.

Jumatano, 6 Agosti

Saa mbili asubuhi nasikia fimbo. Naangalia chini ya minyaa, Mama anapanda kile kilima na magoti yake, nyuma yake Chediel kabeba sanduku, nyuma ya Chediel Dina kabeba tetea.

Nikakimbia, shikamoo Mama. Akaitikia, akapita, akakaa kwenye kigoda chake, akavuta pumzi. Kisha akatangaza, Kiswahili kidogo, Kinyiramba kingi. Kwamba kwa Chediel ni pazuri. Chakula kizuri, kitanda kizuri, kila kitu kimenyooka. Siku tatu amekaa pale na hajacheka hata mara moja, na kwa umri wake hana siku za kupoteza. Gari litabaki chini, yeye atabaki juu. Siku ya kliniki Chediel ataliendesha lije limchukue hapa mlangoni. Abraham akitaka kubisha atapigiwa simu, na hatapigiwa na sisi.

Chediel kaweka sanduku chini, kaniambia hongera kaka. Nadhani alimaanisha. Nimelia mbele yake, basi, na iandikwe.

Mama kaongeza jambo moja, akininyooshea fimbo. Siku nitakayopata akili, siku hiyohiyo anashuka kwa Chediel.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Sikwenda kwenye maonyesho, mimi mwenyewe ni maonyesho. Watu wamekuja kutazama shimo mpaka kutoka Kiomboi.

Kuku wamehamia mle moja kwa moja. Juu bati, pembeni ukuta wa mawe ambao kicheche haupandi, chini maganda yenye joto. Mama kaokota mayai kumi na tisa asubuhi. Anasema tangu Julai alisema anataka banda la kuku na hatimaye kuna mtu kamsikiliza. Emilian alipita, katazama, kasema kama banda la kuku ni imara sana.

Mimi nimekaa nikatafakari kilichokwenda kombo, kwa utulivu, kama mtu mzima. Nimekipata. Kosa halikuwa maganda. Kosa ni kwamba niliyajaza yakiwa makavu, yakanywea baadaye. Yangelowekwa kabla, yangenywea kabla, na sakafu ingekuwepo mpaka leo. Jambo dogo tu.

Sasa, nyuma ya jabali kuna sehemu nyingine. Ina mteremko, ndiyo, lakini ukiitazama umefumba jicho moja si mkali. Breki ya mkono ya gari bado imechoka, na halitavumilia vumbi la trekta la Chediel milele. Banda la pili, sakafu juu zaidi. Evodia kaniambia mlima wa maganda umejaa upya, na Michael kakubali mradi mwekundu asipewe kitu kizito.

Nimemweleza Mama mpango mzima, hatua kwa hatua. Kasikiliza mpaka mwisho. Halafu kaniomba nimgeuzie kigoda kielekee kwenye jabali.

Hana dalili ya kuhama.